Mapafu Hayanywi Maziwa

Somanda,
Bariadi.
Tarehe 26 Mei, 2024.

Mpendwa Mjomba Luhaga,

Mwangaluka! Hujambo huko Tunduma, na ule mguu umepona? Mama anakuulizia kila tukikaa kula. Sisi wazima, na ng'ombe wako wananizidi afya.

Juzi ulinikatia simu sijamaliza kusema. Sawa, wewe ni mkubwa wangu. Lakini barua haikatwi, kwa hiyo utanisikiliza mpaka mwisho.

Ulitaka nimwombe meneja radhi mbele ya wenzangu na nirudishe ufunguo wa stoo, nisije nikapoteza kazi uliyonitafutia. Mjomba, siombi radhi.

Wewe umesikia ya meneja, sikia na yangu. Pale kwenye kinu cha pamba, kabla msimu haujafunguliwa, tunaosha grisi ya mashine kwa dawa ya kwenye pipa lenye picha ya moto. Inawaka upesi kama petroli, na mvuke wake ni mzito, unatulia chini kwenye shimo la mashine, pale pale mtu anapopiga magoti kusugua. Barakoa za kuchuja hewa hakuna. Feni imekufa tangu mwaka jana. Tunachopewa ni kikombe cha maziwa kabla ya kazi, maana sisi Wasukuma tumeshaamini maziwa yanaua kila sumu. Hata mimi niliamini.

Kwandu, binti wa jirani yetu Ng'washi, alitoka shimoni anapepesuka kama mlevi. Limbu, msimamizi wetu, akampa maziwa mengine. Akanywa, akarudi chini. Tulikuja kumtoa hana fahamu. Na mlangoni tu hapo mama ntilie alikuwa na jiko lake la mkaa linawaka. Pamoja na yale manyoya ya pamba, tungeungua wote, ni Mungu tu.

Hospitali daktari alituuliza tulimpa nini, tukamwambia. Akatikisa kichwa.

"Mapafu hayanywi maziwa," alisema.

Kwandu amezinduka, ila kichwa bado kinamuuma na chakula hakikai tumboni.

Kesho yake meneja akataka Esteria, mwenzetu mwingine, ashuke amalizie. Nikafunga stoo ya dawa, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge. Nikamwambia, "Hapa hashuki mtu mpaka feni izunguke." Nataka na barakoa za kweli, glavu zisizoyeyuka, jiko liende mbali, na dawa isiwekwe tena kwenye chupa za soda. Akaniita mkaidi. Mimi ni mkaidi kweli, na ukaidi huo nimeutoa kwenu.

Sasa hili ndilo litakalokuuma. Maziwa tunayonyweshwa pale yanatoka kwa ng'ombe wako, wewe ndiye uliyemwambia mama awauzie. Nimeyasimamisha. Mama aliogopa, akasema nikuulize kwanza, nikakataa. Sasa chupa moja nampelekea Kwandu kila jioni, anywe kwa sababu ana njaa, siyo kwa sababu ana sumu. Kasirika ukitaka. Ng'ombe ni wako, Mjomba, lakini mkono unaokamua ni wangu.

Nisalimie Mama Winnie, Winnie mwenyewe na Salvatory. Mungu akulinde, na kila atokaye nyumbani asubuhi kwenda kazini arudi jioni anapumua.

Ni mimi mpwa wako mkaidi, akupendaye hata ukimkatia simu,

Scola