Herufi za Mubao

Siku ya kwanza ya juma, 4 Machi 1957
Tena niko kwenye mashini ya kuandikia ya biro, ofisi ya misioni. Asubuhi yote nimepiga herufi moja moja na kuzitazama kwa kioo cha kukuza. Mashini imechakaa, lakini herufi zake nazipenda sana. Kila moja ina nafasi sawa na mwenzake. Zina miguu, zinasimama imara. Nataka kuzichora kubwa, kama kiganja. Papa Sebuhoro, seremala wetu, azichonge kwa mubao. Tuchape tablo, karatasi kubwa za kusomea za ukutani, za wamama wa Katindo wanaojifunza kusoma. Herufi za risasi za kiwanda chetu cha kuchapa ni ndogo mno.
Muke wangu Konsolata ni mumoja wao.

Siku ya tatu, 6 Machi
Papa Sebuhoro amechonga a, k, u. Kinyume, jinsi kuchapa kunavyotaka, bila kusita. Ule mukono! Nimesimama tu natazama.
Padri anasema tunaharibu mubao. Tablo ya kwanza isiposomeka Siku ya Mungu, mubao utaenda kutengeneza mabenchi. Nimeudhika.

Siku ya ine, 7 Machi
Tumejaribu. Mbaya. M na w zimejaa wino, weusi mutupu. Kwa kuwa nafasi zote ni sawa, m imepewa nafasi ya i, na miguu yake mitatu haina pa kusimama. Na Kiswahili bila m na w ni nini?
Nimeonyesha Konsolata karatasi. Ni binti wa wafugaji wa Masisi, hasifu kitu kwa kunifurahisha.
“Hii miguu imebanana. Ng'ombe akisimama hivi ataanguka.”
Kisha amesema harudi tena masomo. Anafikiri ni macho yake. Si macho yake. Ni m yangu.

Siku ya tano, 8 Machi
Nimefupisha muguu wa katikati wa m, usifike chini. W vilevile, ncha ya kati imeshuka. Mistari nimeipunguza unene. Papa Sebuhoro ameacha mulango aliokuwa anatengenezea mutu mwingine ili achonge. Sikumwomba.

Siku ya posho, 9 Machi
M imepasuka. Mubao mubichi. Nilitaka kuacha kila kitu.
“Mutoto wangu, mubao mwingine uko,” amesema muzee, akaanza upya. Sijawahi kuona uvumilivu kama huo.
Tumechapa alasiri. Konsolata hataki kusikia habari.

Siku ya Mungu, 10 Machi
Baada ya misa tumetundika tablo nje ya kanisa. Wamama wamejaa mbele. Konsolata alisimama nyuma kabisa, kisha akasogea. Nilifungua kinywa nimusaidie.
“Nyamaza. Niache nisome.”
Akasoma. “Ma-ma a-na-wa-sha mo-to.” Halafu tena, kwa pumzi moja, kwa sauti ya mutu anayeita ng'ombe mulimani. Wamama wakapiga vigelegele. Machozi yamenitoka, sikuyaficha.
Padri amemuuliza Papa Sebuhoro kama anahitaji mubao zaidi.

Siku ya kwanza ya juma, 11 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nachora g, ina mukia mugumu. Konsolata amejifunika kitambaa, ameenda masomo.