Bi Vumbi Amegeuka Rangi

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, binti yetu na kichanga chake. Natumaini mzazi amepata nguvu na mtoto anawaachia mlale angalau kidogo, maana nasikia koo amelirithi kwako. Sisi huku hatujambo. Cherehani zinazunguka, wateja wanalalamika kama kawaida, na samaki wako wote ni wazima. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kabla sijameza mate, na leo nina jambo la kulimaliza.

Nianze na samaki, najua ndio utakaowaulizia kabla yangu. Bwana Mkubwa, huyo dume lako la buluu, alijichubua ubavu kwenye jiwe akimkimbiza Bi Vumbi. Muuza samaki akanishauri nimtenge kwenye lile tangi dogo la akiba mpaka apone, nami nikafanya hivyo. Bi Vumbi unamkumbuka: yule wa rangi ya maji ya kufulia, makazi yake nyuma ya pampu, ambaye uliagiza nimgawe kwa sababu tangi la samaki tausi, wanaofugwa kwa rangi zao, si mahali pa jike lililopauka. Sikumgawa. Nilimwonea huruma, na kusema kweli, nani angemtaka?

Basi Bwana Mkubwa alipoondoka, Bi Vumbi akaanza kutoka nyuma ya pampu. Kwanza uso ukapiga ubuluu. Nikadhani anaumwa, nikabadilisha maji, nikapunguza chakula. Ubuluu ukazidi, na kifua kikawa cha rangi ya kiini cha yai. Nikamwita muuza samaki mbio mbio. Alicheka mpaka akashika meza yako ya kukatia. Akasema huyo si jike wala hajawahi kuwa jike. Ni dume lililoificha rangi yake, kwani kuionyesha mbele ya mbabe ni kujitafutia kuumwa. Kwa hiyo, dada, wewe na macho yako ya kuchagua nyuzi gizani, Bi Vumbi ni bwana.

Siku hizo hizo akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama wa maneno machache, na kitambaa chake begani. Alitaka suti ya kuvaa siku atakayoagwa kustaafu. Nikamweleza kuwa fundi mkataji amesafiri, mimi kazi yangu ni mapindo, vifungo na pasi. Akanijibu kwamba hakuja kuulizia safari za watu, amekuja kupimwa. Nikampima. Nilipoweka mkasi kwenye kile kitambaa niliusema mshono mzima kwa sauti kama ulivyokuwa ukiusema wewe. Alipokuja kujaribu, alijigeuza mbele ya kioo mara kadhaa. Kisha akaniuliza nilikuwa nimefichwa wapi. Tangu hapo walimu wenzake wanakuja mmoja mmoja, na wananiulizia mimi. Nimefurahi, dada, sitakuficha. Naimba hata nikifagia nyuzi.

Bwana Mkubwa alipopona, nikamrudisha. Nilijiandaa na kikapu cha wavu, nikijua watararuana. Wala hakumgusa mwenzake. Alipita mbele yake tu, mara moja, taratibu, mapezi yametanuka. Kufika jioni yule mwingine kifua kilishafifia, amerudi nyuma ya pampu. Nikakaa kwenye kiti chako nikalia, mtu mzima mimi.

Usidhani nakuita mbabe. Hujawahi kuniuma. Ni wewe uliyenipa mkono wa kazi, na jina hili dogo nililonalo ni kwa sababu yako. Lakini ukiwa chumbani mkono wangu hauendi kwenye mkasi. Hunizuii, hauendi tu. Miaka yote nimekuwa nikijiambia kwamba sina kipaji cha kukata, na nimegundua kuwa sikuwahi kujaribu.

Sasa lile nililolizungukia tangu juu ya ukurasa. Nimepanga chumba ng'ambo ya barabara, ubavuni mwa fundi viatu. Kina dirisha kubwa na meza moja. Ukirudi mwisho wa mwezi utakuta duka lako limefagiwa, kazi zako zimepangwa, na msichana mzuri wa mapindo nimekutafutia. Mimi nitakuwa kule. Tangi dogo nimelichukua na Bi Vumbi wako humo, rangi zimeanza kurudi. Nimeogopa kukuambia kwa sababu hasira yako naiweza, ila ukinyamaza sitaweza kuendelea. Kila kukicha nafungua kile chumba nikitamani ungekuwa umeshasema sawa.

Kwa hiyo nakuomba uje. Njoo hata kama umenuna, lakini uje na kitambaa. Nguo ya kwanza kukatwa kwenye meza ile nataka iwe yako. Vipimo sikuulizi, navijua kwa macho.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na mama yake mwambie ale vizuri. Fundi viatu anakusalimu sana. Anasema kelele zako zikianza kuvuka barabara atajua umefika salama.

Wako mdogo wako,
akupendaye na kukuogopa kwa kipimo kile kile