Wimbo wa Lowell Brassard

Duluth, 17 Septemba 1989

Dada Verna,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa ziwa. Mimi mzima, ila mgongo unanilaumu kwa kupandisha kochi peke yangu hadi ghorofa ya tatu. Baba na kikohozi chake wanaendeleaje? Mwambie aache kutoka sauna, kwenye joto lile la mvuke, kifua wazi kama kijana. Ana miaka sabini na moja.

Kazi nimeanza. Ofisi yetu ni ya madaraja tu: ya zamani tunayakagua, mapya tunayachora. Baada ya miaka minane ya kuchora mabomba ya kiwanda cha karatasi, najiona kama mtu aliyefunguliwa jela. Juzi nimeshinda juu ya daraja la reli na nyundo mkononi, nagonga ribiti, zile pini za chuma zinazoshikilia daraja, moja moja na kusikiliza mlio. Usinicheke. Wewe una mashairi yako, mimi nina ribiti zangu.

Shida ni moja tu. Nusu ya ofisi wamesoma Chuo cha Mtakatifu Gerlac, wapinzani wetu wa hoki! Siku ya kwanza nimekuta wameitandika bendera ya timu yao, Bundi, juu ya meza yangu. Nikauliza, "Hiki kitambaa cha kufutia vumbi ni cha nani?" Wakacheka, lakini nadhani sitapewa chai mwezi mzima.

Mkuu wangu bado yuko kwenye daraja fulani huko kaskazini. Wanasema ni bingwa, ila hasemi sana.

Mdogo wako,
Arvid


Port Ahlgren, 2 Oktoba 1989

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo, na wewe ukae hivyo hivyo. Baba anasema sauna ndiyo inayomweka hai, na kikohozi ni cha kwangu mimi ninayemsumbua.

Yaani umekwenda kula mkate wa Bundi! Angalia usiote manyoya. Waulize tu msimu uliopita walitufunga mara ngapi, halafu uwaangalie wanavyotazama viatu vyao.

Darasani kwangu nimeanza na mashairi, na watoto wananitazama kama nawasomea bei za mbao. Riwaya yangu imerudi tena kutoka kwa mchapishaji, wa tano huyu. "Ina lugha nzuri," wanasema. Basi.

Lakini nina habari. Tarehe kumi Februari Mtakatifu Gerlac wanakuja kwetu, na chuo chetu kinaadhimisha miaka kumi ya ile nusu fainali ya hoki tuliyocheza nao. Bwana Kivela wa bendi amenipigia mwenyewe. Anataka nishuke barafuni, nishike kipaza sauti, niuanzishe ule wimbo! Unaukumbuka, tulivyouimba kila bao lilipomwingia golikipa wao?

*Lo-lo-lo-Lowell, litaje jina lako!
Lo-lo-lo-Lowell, na hili nalo lako!*

Arvid, ndicho kitu pekee nilichowahi kuandika ambacho watu wanakijua kwa moyo. Utakuja, sivyo?

Dada yako,
Verna


Duluth, 29 Oktoba 1989

Dada Verna,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Baba. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Mkuu wangu amerudi. Anaitwa Lowell Brassard.

Ndiyo, ni yeye. Yule golikipa wa Bundi tuliyemwimba. Ana mvi sasa, na akikutana na mgeni hajitambulishi, anatoa kadi mfukoni na kumpa. Maelekezo ya kazi anaandika kwa penseli kwenye vikaratasi, mwandiko safi kuliko wako. Wiki iliyopita alinishika mkono, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye boriti ambayo mimi nilikuwa nimeipitisha kuwa nzima. Hakunigombeza. Alikaa nami saa mbili akinifundisha pa kutazama, na kwa kigugumizi chake kile kile kila neno alilitafuta, akalipata, akanipa. Sijawahi kufundishwa hivyo.

Halafu akaniuliza, "Mwaka wa themanini ulikuwa Port Ahlgren. Mechi ile ulikuwepo?"

Nikasema hapana. Nilikuwa na mtihani.

Verna, nilikuwa safu ya tatu nyuma ya goli lake. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Tafadhali, usiimbishe wimbo ule.

Mdogo wako,
Arvid


Port Ahlgren, 12 Novemba 1989

Arvid,

Theluji imeanza, na sote wazima.

Umenishtua, sikatai. Lakini hebu tuzungumze kama watu wazima. Yule alikuwa golikipa wa wapinzani. Kwenye hoki kila mtu anatukanwa. Wao walituita wachimba shimo na babu zetu wakiwa wamefia humo migodini. Mimi sikumtungia kwa chuki. Nilimsikia redioni siku moja kabla ya mechi amekwama kwenye neno "mashindano", nikakaa jikoni nikatafuta mstari. Nilichukua jina lake kwa sababu lilikuwa na sauti niliyoihitaji. Ni mizani tu.

Tena amekuwa mhandisi mkuu. Hakuumia sana basi, au vipi? Msalimie Lo-lo.

Dada yako,
Verna


Port Ahlgren, 20 Desemba 1989

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Ni wiki tano hujaandika, na Jumapili hukumpigia Baba simu. Najua ni kwa ajili ya lile neno la mwisho. Nililiandika, nikacheka peke yangu, nikabandika stempu. Nimelifikiria kila siku tangu hapo.

Nimekuelewa. Sitaimbisha. Nitamwambia Kivela atafute kitu kingine, bendi ina nyimbo mia. Nakuahidi kama dada.

Njoo Krismasi. Baba ameniagiza pai za nyama, na mimi siwezi kuzikunja kama Mama alivyokuwa akizikunja, zinapasuka zote.

Dada yako,
Verna


Duluth, 21 Januari 1990

Dada,

Asante kwa Krismasi, na asante hata kwa zile pai zilizopasuka. Nimefika salama, barabara ilikuwa barafu tupu.

Sasa sikiliza. Brassard ana binti wa miaka tisa, Odette, anapenda hoki kupita kiasi. Hajawahi kumwona baba yake akicheza wala kukanyaga uwanja wetu. Nimewakatia tiketi, mimi na wao wawili, tarehe kumi mchana. Brassard alikataa kwanza. Nikamwambia, "Wimbo hautaimbwa." Akauliza, "Unajuaje?" Nikamwambia ukweli: aliyeutunga ni dada yangu, na ameniahidi.

Alikunja mchoro uliokuwa mezani, nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, "Basi mwambie asante."

Ndiyo hiyo asante yake, nakuletea.

Mdogo wako,
Arvid


Duluth, 11 Februari 1990

Verna,

Uliposhuka na kipaza sauti nilimgusa Brassard bega nikamwambia, "Yule ndiye dada yangu," kwa fahari.

Mtoto hakujua kitu. Ulipouanza wimbo, na watu elfu nne waliposimama na kuita jina la baba yake, aliruka juu ya kiti akapiga makofi. "Baba, wanakuimba wewe! Baba, wanakujua!" Akawapungia mkono. Halafu akageuka kumtazama.

Nimewarudisha nyumbani kwa gari. Maili mia mbili. Usiniandikie.

Arvid


Port Ahlgren, 25 Februari 1990

Mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali yako, lakini nakuuliza.

Umesema nisiandike. Naandika kwa sababu hujui yote, na yote ni mabaya zaidi. Sikumwambia Kivela. Tangu Desemba nilikuwa nikijiambia nitampigia kesho. Kila nilipoinua simu niliona sura yake ikisikitika, nikaona na lile zulia waliloliandaa barafuni, na jina langu kwenye ratiba: "Mtunzi, Bi. Verna Hautala." Mtunzi, Arvid. Nikaamua nitashuka, nitawasalimu watu, nitasema maneno mawili ya heshima, nitapanda.

Nikashuka. Nikawaona ninyi watatu, nilijua mlipo, nilizijua namba za viti. Nikafungua mdomo niseme "Habari za mchana." Uwanja wote ukanyamaza kunisikiliza mimi. Sijawahi kusikilizwa namna ile maishani. Na mdomo ukatoa kile walichokuwa wakikingoja.

Hakuna aliyenisukuma. Nilimwona mtoto akipunga mkono, nikaimba ubeti wa pili.

Baba aliniona nikiingia nyumbani, akauliza, "Imekuwaje?" Nikamwambia imekwenda vizuri. Sijaweza kusimama darasani kusoma shairi tangu siku hiyo. Nawapa watoto zoezi la kuandika, nakaa.

Dada yako, ukinikubali,
Verna


Port Ahlgren, 1 Aprili 1990

Arvid,

Natumaini u mzima. Baba amepona kifua, anakuulizia.

Pengine umeshasikia ofisini. Jumamosi iliyopita nilikuja Duluth. Sikukupitia, sikustahili. Nilimpigia mke wa Brassard, nikamwambia mimi ni nani, akanipa saa ya kwenda kwao.

Brassard alinikaribisha mwenyewe, akanimiminia kahawa. Odette alipelekwa kwa jirani. Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za kuomba radhi, nimezipanga vizuri, unanijua. Nilisoma nusu ukurasa nikaona aibu ya zile sentensi nzuri, nikazikunja. Nikasema, "Nilikukosea. Mara mbili. Na mara ya pili nilijua."

Akaanza kujibu. Arvid, ulinieleza lakini sikuelewa. Alikwama, na mimi nilijua neno analolitaka, lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nilijizuia nisimmalizie, nikakaa nimeshika kikombe kwa mikono miwili.

Alisema, "Sikuacha hoki kwa sababu yako. Niliacha kwa sababu ya goti."

Nikapumua. Nadhani hata nilitabasamu, Mungu anisamehe.

Akasema, "Jina langu halikuwahi kunisumbua. Tangu utotoni. Maneno mengine yote yalinipa shida, lakini jina langu nililitamka kama mtu mwingine yeyote. Mpaka mechi ile."

Akanisindikiza mlangoni. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Njiani nililazimika kuegesha gari.

Nilihitaji sauti ya mizani. Nilimwambia hivyo pia. Nilimwambia kila kitu.

Dada yako,
Verna


Duluth, 22 Aprili 1990

Dada Verna,

Salamu kwako na kwa Baba. Mimi sijambo kidogo.

Nilijua umekuja. Aliniambia Jumatatu, "Dada yako ameendesha njia ndefu." Mimi nikaona nimebanwa. Wewe umesema yako, na yangu bado ninayo. Basi tukiwa kwenye jukwaa chini ya daraja, sisi wawili tu, nikamwambia sikuwa na mtihani. Nilikuwepo. Niliimba.

Alikuwa anapima boriti, hakugeuka. Akasema, "Najua. Barua yako ya kuomba kazi ilitaja chuo na mwaka. Nani hakuimba?"

Nikauliza, "Kwa nini basi ulinichukua?"

"Michoro yako ilikuwa mizuri." Kisha, akiandika kipimo, "Nilikuuliza ili unijibu, Arvid. Nilingoja miezi sita."

Akanipa upande wa pili wa utepe wa kupimia, tukaendelea na kazi.

Nilikuwa nimekukasirikia kana kwamba mimi ni msafi. Nakuja mwezi wa saba. Tutamkatia Baba kuni.

Mdogo wako,
Arvid


Port Ahlgren, 18 Novemba 1990

Mdogo wangu mpendwa,

Sote wazima, na kuni ulizokata zinawaka vizuri. Baba anasema umezikata ndefu mno, lakini anazitumia.

Jana Mtakatifu Gerlac walikuja. Nilikuwa nimemwandikia Kivela, na mkuu wa chuo, na gazeti la wanafunzi. Nilieleza wimbo ni wa nani na ulifanya nini, na nikaomba usiimbwe tena. Kivela alinijibu kwa upole kwamba bendi haitaupiga. Gazeti halikuchapisha.

Nilikata tiketi ya kawaida, jukwaa la wanafunzi, ili wimbo ukianza nisimame niwaambie. Tulifunga bao la pili. Bendi ikanyamaza kama Kivela alivyoahidi. Wakauanza wenyewe, bila bendi.

Nikasimama. Nikapaza sauti, "Jamani, acheni! Hilo ni jina la mtu!" Nilisema mara tatu. Nadhani walidhani nashangilia.

Pembeni yangu alikaa binti mmoja wa mwaka wa kwanza, uhandisi wa ujenzi, alikuwa amenikaribisha karanga zake tangu mwanzo. Nikamuuliza, "Huyu Lowell ni nani?" Akafikiri. "Sidhani kama ni mtu," akasema. "Ni wimbo tu wa zamani." Kisha akanitazama kwa huruma, mama mzima nimesimama peke yangu sishirikiani na wenzangu, akanishika mkono na kuniinamia sikioni.

"Usijali, mama," akasema, "kama huyajui maneno nitakufundisha."

Dada yako,
Verna