Mananasi ya Shangazi Mpakani

Shikamoo Mama,

Huku Ngara baridi ni kali, ila mimi ni mzima. Leo nimemsindikiza shangazi Verediana mpakani kuuza mananasi, maana redioni wanatamba kwamba mkataba mpya wa biashara na nchi jirani utaneemesha nchi nzima. Nchi ipi? Malori yaliyojaa juisi za maboksi kutoka ng'ambo yalipita bila shida, lakini shangazi akazuiwa.

“Mananasi yako hayana cheti cha afya,” ofisa wa mpakani alimwambia.

Shangazi alilia. Kisha akaazima kisu, akayakata, akawagawia watu waliokuwa kwenye foleni. Ofisa naye akanyoosha mkono, akala mpaka akalamba vidole.

“Afya yako haijambo, baba?” shangazi akamuuliza.

Watu walimcheka hadi akakimbilia ofisini.

Nimekukumbuka sana, Mama. Wasalimie wote hapo Nyarubungo.

Mwanao, Adela