Kona Niliyoinyoosha

Nyahanga, Kahama
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chato, na miguu imepungua kuvimba. Sisi huku tunapumua. Kaka Masalu anakunywa uji, tunamgeuza kila baada ya saa mbili, lakini bado haisikii miguu yake. Daktari ameacha kutuambia tuwe na subira.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unaanza kulia, nami nakata. Naomba usome mwenyewe, usimpe jirani Thobias akusomee.

Unakumbuka chuo kilitaka michoro kumi ya mkono kabla ya kunifikiria kwa usanifu majengo. Tisa nilikuwa nayo: ghala la mpunga, msonge wa bibi, stendi, ngazi za kanisa na mingineyo. Wa kumi nilitaka uwe kitu ambacho mwombaji mwingine hana: duara, shimo la dhahabu wanalochimba kina Masalu, limepasuliwa ubavuni kama papai, lionekane hadi chini kabisa. Kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kusogelea mdomo wa shimo, wanasema dhahabu itakimbia, sikushuka. Masalu alinipimia kwa kamba yenye mafundo. Kila jioni alikuja na hesabu: mafundo mangapi kwenda chini, mangapi pembeni, wapi njia inapinda.

Msimamizi wao, Ignas, alipouona mchoro akauomba. Aliubandika kambini akawatania wenzake kuwa binti ambaye hajawahi kushuka ameona chini kuliko wao. Nilivimba kichwa, mama. Wiki mbili baadaye wakaufuata kufungua njia mpya, wakatoboa duara la zamani lililojaa maji. Wengine walivutwa juu salama. Masalu aliangukiwa na magogo ya kuzuia kuta.

Yaliyofuata unayajua. Wachimbaji walisema mkosi umeletwa na Limi, mchumba wake, kwamba siku ile alipeleka chakula hadi mdomoni mwa shimo akaruka kamba ya kushukia. Wakamvunjia jiko. Nawe ukatuma neno kwamba mchumba huyo asikanyage tena kwetu, na habari ya mahari ifungwe. Lakini anakuja. Anasimama nje ya dirisha, na Masalu anageukia ukutani, maana naye ameanza kuamini.

Jana nilimuuliza Masalu kama aliutazama mchoro wangu kabla ya kushuka. Akasema aliutazama, na aliona njia imenyooka mahali ambapo yeye hupinda kila siku. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Nilijua mimi ndiye niliyekosea kuhesabu," akasema. "Wewe umesoma."

Mama, hakukosea. Hesabu zake ninazo kwenye daftari, zote sahihi. Njia ilipinda kulia, na kona ile iliharibu karatasi yangu. Ilisukuma kila kitu pembeni, ukurasa ukaonekana umelemaa. Nikaifuta. Nikanyoosha kwa rula ili mchoro upendeze. Penye kona ile, duara la zamani lilikuwa hatua chache tu. Kwenye karatasi yangu likaonekana mbali. Ignas alipouomba sikumwambia. Niliona aibu kusema mbele ya watu kwamba kazi wanayoisifu si ya kweli.

Limi hana kosa lolote.

Ijumaa ndiyo mwisho wa kupeleka michoro. Huu wa kumi nimekuwekea ndani ya bahasha hii. Kona nimeirudisha kwa kalamu nyekundu. Sijui kama mtu wa namna yangu aruhusiwe kuchora nyumba ambazo watu watalala ndani yake. Nimejaribu mara tatu kumwambia Masalu, na kila nikikaa kitandani pake ananiuliza chuo kitajibu lini.

Nisalimie shangazi Sesilia na majirani wote. Ukimaliza kusoma, mayu, usinipigie mimi kwanza. Mpigie Limi. Namba yake nimeiandika nyuma ya mchoro.

Ni mimi mwanao,
Noela