Mama wa Ubao

Watertown, New York
8 Machi 2009

Mwanangu Corinne,

Salamu nyingi, natumaini jua la Kuwait halijakumaliza. Sisi wazima. Josie kang'oka jino la pili na bado anakula kama mpasua kuni.

Ile picha yako ya ubao kutoka ofisi ya familia za wanajeshi imefika. Ni wewe mwenyewe kwa ukubwa wako, kuanzia kiunoni kwenda juu, na gwanda lako, unatabasamu. Josie kakukalisha mezani, anakupakulia viazi. Mimi nakupenda ukiwa hivyo, maana hubishi. Lakini Jumamosi Darrell alikuja kumchukua mtoto kwa zamu yake, akamkuta anaunong'oneza ubao. Akaniuliza, "Verna, binti yangu analelewa na kipande cha mbao?"

Sasa wakili wake kaleta barua. Mlipoachana mlikubaliana Josie akae kwako, na ukiwa vitani akae kwangu. Darrell hataki tena. Anasema mama hayupo na bibi anamchanganya mtoto akili. Tarehe 20 Aprili mahakama itamtuma mtu kuikagua nyumba.

Nimeogopa. Jana nimekuficha garaji, nyuma ya matairi ya theluji.

Mama yako


Kambini, Kuwait
15 Machi 2009

Mama mpendwa,

Hujambo? Mjukuu wako je? Barua yako bado haijanifikia, ila siwezi kungoja. Huku jua linapasua midomo, nami wiki nzima natetemeka kwa baridi. Daktari kanipima, hakuona ugonjwa. Nikifumba macho nasikia harufu ya mpira na rangi. Shingo haigeuki, na mbele yangu kuna kitu chekundu kinaning'inia. Usinicheke. Niambie tu kama Josie ni mzima.

Mwanao, Corinne


Watertown
27 Machi 2009

Corinne mwanangu,

Josie mzima. Mimi ndiye siko sawa. Hicho chekundu ni kile kibao chake cha kutelezea kwenye theluji. Nilikitundika msumarini siku ile ile niliyokuweka garaji, na barua zetu zimepishana njiani, kwa hiyo hukuwa na namna ya kukijua. Miaka sitini naenda kanisani na mizimu sikuiamini. Leo naiamini.

Josie hakuuliza ulikokwenda. Anasimama mbele ya mlango wa garaji na kusema, "Bibi, Mama anasikia baridi, mpelekee sweta." Nataka kukurudisha ndani, Darrell aseme atakalo. Nijibu upesi.

Mama yako


Kambini
7 Aprili 2009

Mama mpendwa,

Pole kwa hofu. Usinitoe. Niache hapo mpaka mtu wa mahakama aondoke. Baridi nitaizoea, ila Josie akichukuliwa hilo sitalizoea kamwe. Wakili wa jeshi anasema hakimu ataangalia kazi ya kudumu na bima ya matibabu. Hayo niachie, nina mpango. Nivalishe ile sweta ya kijani, basi.

Mwanao, Corinne

Mwambie Josie nimesoma alichoniandikia mgongoni. Jibu ni ndiyo.


Watertown
29 Aprili 2009

Mwanangu,

Hujambo huko? Hapa theluji imeyeyuka na habari ni njema, kwa kiasi. Bi Kowalczyk wa mahakama alikuja, akanywa kahawa, akakagua hadi friji. Akamuuliza Josie kama ana upweke bila wewe. Josie akamjibu, "Hapana, yupo." Yule mama akadhani ni upendo tu wa mtoto, akatabasamu, akaandika.

Jana hakimu kaamua: Josie abaki kwangu mpaka urudi Agosti, halafu awe wako. Ila ukiondoka tena na jeshi hata mara moja, anakwenda kwa baba yake moja kwa moja. Darrell aliniambia pale kwenye ngazi za mahakama, "Akitulia nyumbani, sina neno naye."

Kisha nikaenda garaji kukutoa. Nilikuwa nimekuvika sweta bila kukugeuza. Safari hii nikakugeuza. Mgongoni kuna maandishi ya penseli, mwandiko wa Josie: "Mama ukirudi utabaki na mimi siku zote?" Naapa sikuwahi kuyaona. Sijui wewe uliyaonaje, na siulizi.

Nilimwambia Josie kwamba umejibu ndiyo. Hakuacha hata kutafuna. "Najua, Bibi. Aliniambia."

Mama yako


Kambini
11 Mei 2009

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Tarehe 10 Aprili nilitia saini tena jeshini, miaka minne. Nilinyoosha mkono mbele ya bendera, wenzangu wakanipigia makofi. Nilidhani hakimu akiona nina kazi na bima hatanigusa. Huo ndio ulikuwa mpango wangu, na ndio uliomponza mtoto wangu. Kikosi chetu kinaondoka tena mwakani, na saini haifutiki. Nimelia mpaka nimechoka.

Kuna jingine. Barua yangu ya tarehe 7 iliishia kwenye sweta. Nikaweka jina, nikaifunga. Chini ya jina sikuandika kitu, wala sikujua kama mgongoni kumeandikwa chochote.

Tangu siku uliyonigeuza, baridi imekwisha. Harufu ya mpira pia imekwisha. Sasa sisikii harufu yoyote, hata ya kahawa, na wenzangu wananiambia natabasamu mno.

Mrudishe mezani yule wa ubao, Mama. Yeye ataweza kubaki. Ila nakuomba, Josie asijue kwamba aliyemjibu si mimi.

Mwanao, Corinne