Hatua Sita Ndani ya Malka

Jumanne, 2 Juni 1998
Mahamri yameisha saa mbili asubuhi. Mafuta mabaya, yanatoa povu tu. Mwenye duka atanitambua kesho.

Kaka yangu Hagai amekuja Garsen kutoka kijijini kwetu Wema, matope hadi magotini. Anasema mafuriko yameondoka kweli, mto umekata kona mpya, wazee wanagawa mashamba. Jumamosi kuna baraza. Wanataka kufungua tena malka, ile njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda kunywa mtoni. Ipite palepale pa zamani, ubavuni mwa shamba alilonirithisha Baba. Bila neno langu haifunguki.

Nimekataa kabla hajamaliza chai. Ng'ombe wa yule Muorma, Dadho, walikula mpunga wangu wote mwaka wa tisini na nne. Ndiyo maana nakaanga mahamri stendi. Nani asiyejua hilo?

Alhamisi, 4 Juni
Nimekwenda Wema kuangalia. Miaka minne sijakanyaga. Shamba halitambulikani. Tope jeusi limeanza kupasuka, linanukia vizuri. Mikono iliniwasha kwa hamu ya jembe.

Hagai anasema malka isipofunguliwa, kiangazi ng'ombe watapita popote, na mpunga wa kijiji kizima utaliwa. Shida ni kwamba vigingi vya mpaka vimechukuliwa na maji. Wazee watanitegemea mimi niwaonyeshe njia ilikuwa wapi.

Dadho nilimwona kwa mbali. Amezeeka. Mafuriko yamemuulia ng'ombe zaidi ya nusu. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: nilifurahi.

Ijumaa, 5 Juni
Chakula hakipiti. Basi niandike, daftari halina masikio.

Mwaka ule vigingi nilivisogeza mimi. Hatua sita ndani ya malka. Udongo wa pale umeshiba mavi ya ng'ombe ya miaka na miaka, mpunga unainuka kuliko wa mtu yeyote. Nilijua siku ya ng'ombe kushuka. Nikajiambia nitavuna kabla. Kisha nikaenda harusini Ngao, nikanogewa, wiki mbili zikapita sijapanda. Ng'ombe wakaja siku yao hasa, wakapita njia yao hasa. Mpunga ulikuwa bado mbichi.

Nikapiga mayowe kwamba Dadho kawaingiza makusudi. Hagai akaapa kwa niaba yangu mbele ya wazee kwamba nasema kweli. Malka ikafungwa. Tangu hapo Dadho ananywesha mbali, mwendo wa nusu siku, na wanawake wa Kiorma wakaacha kutuletea maziwa ya kubadilishana na mchele.

Mwongo ni mimi. Nimejihurumia miaka minne kwa uongo wangu mwenyewe, hadi nikausadiki.

Jumamosi, 6 Juni
Nimesema.

Mwenyekiti aliuliza malka ilikuwa wapi. Nikaenda nikasimama mahali pa vigingi nilivyosogeza. Nikahesabu hatua sita kurudi ndani ya shamba langu, nikachomeka kijiti. Kisha nikasema yote, hata harusi.

Hagai aliinuka akaondoka. Mkewe akasema, "Wifi, na kaka yako aliyekuapia je?"

Dadho alikitazama kijiti. Halafu, kwa Kiswahili chake kile: "Mama Eliza, mimi najua tangu siku ile. Nangoja wewe tu useme."

Hakudai fidia. Alitaka njia tu. Nililia mbele ya watu wazima, wala sikujifuta. Baadaye nikashikwa na njaa ya ajabu. Nimekula ugali wa watu wawili.

Jumanne, 9 Juni
Wazee wamenipa kipande kwenye kona mpya ya mto. Hakina historia. Tope tupu. Nimeanza kupanda leo, mgongo unauma, nimeimba nyimbo zote za kwaya ninazozijua na mbili za harusini. Karai la mahamri nimempa jirani wa Garsen. Sitalitaka tena.

Jumatatu, 13 Julai
Hagai ametokea asubuhi na jembe lake. Hakunisalimu. Amepalilia hadi adhuhuri, akanywa maji yangu, akaenda zake. Nimeridhika.

Alhamisi, 27 Agosti
Ndege. Niko juu ya dungu la kulindia mpunga tangu alfajiri, natupa madongo, nafoka. Sauti imekauka. Mpunga unanifika kifuani na sikuiba ardhi ya mtu. Nani kama mimi leo?

Jumamosi, 3 Oktoba
Ng'ombe wameshuka. Nilikimbilia mpakani na jembe, sifichi. Mpunga wangu ungali shambani, umeanza kuwa dhahabu, na wao wanapita pale kando, vumbi, kengele, vijana wa Dadho wakipiga miluzi. Wamekunywa. Wamerudi. Hakuna hata suke moja lililoguswa. Dadho aliniinulia fimbo kutoka ng'ambo ya malka. Nami nikamwinulia jembe, nikicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatano, 14 Oktoba
Nimevuna. Ghala la Hagai halikutosha, tumejaza hadi chumba cha kulala. Mke wa Dadho, Hawa, amekuja na kibuyu cha maziwa. Nimempa mchele mpya. Hakuna aliyepima. Wifi amepika, tumekula sote, mkono mmoja kwenye sinia na mwingine ukifukuza nzi.

Jumatatu, 26 Oktoba
Sokoni Garsen. Jua kali, wateja wachache. Mama mmoja wa kijiji cha Ozi ameshika mchele wangu, akaunusa, akanitazama sana. Akauliza kama si mimi yule aliyeliwa mpunga na ng'ombe zamani.

Nikamwambia, "Ndimi niliyelima njia yao."

Akangoja niendelee. Nimempimia vibaba viwili, akaenda.